Kuchagua Brekipedi za Gari Lililotembea Sana

Jioni ya leo nataka kusema nanyi habari za kitu kidogo, ambacho ukubwa wake hauzidi kiganja cha mkono, nacho ndicho kizuiacho motokaa isitumbukie korongoni. Kitu hicho ni brekipedi.

Magari mengi tuyaendeshayo huku Kilimanjaro yalitumika kwanza katika nchi ya Japani, kisha yakavuka bahari na kushushwa Dar es Salaam. Mengi yafikapo mikononi mwetu yamekwisha kwenda kilometa 100,000 au zaidi, nasi twaongeza nyingine nyingi juu yake. Mwezi wa Desemba, Wachagga warudipo nyumbani, magari hayo hupanda yamejaa watu na mizigo, na baada ya sikukuu hushuka vivyo hivyo. Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki.

Sikilizeni yaliyonipata mimi. Gari langu lilikuwa limekwenda kilometa 230,000. Breki zilipoanza kulia, nilinunua brekipedi kwa mchuuzi mmoja kwa bei ndogo kabisa, wala sikuuliza neno. Mjini Moshi, palipo tambarare, zilishika vizuri, nami nikajisifu. Jumamosi nilikwenda Marangu, na wakati wa kurudi nikawapakia wanachuo wanne wa chuo chetu cha ualimu. Tukashuka kuelekea Himo, mguu wangu ukiwa juu ya breki muda wote. Kabla hatujafika mbali tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikakanyaga kwa nguvu. Gari halikupunguza mwendo. Nikarudisha gia kwenye 2, kisha kwenye L, nikavuta breki ya mkono, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo kando ya mfongo. Hakuna aliyeumia. Walakini vijana wale walishuka kimya, wakaendelea kwa miguu. Nami niliyewafundisha darasani habari za msuguano na joto nikabaki peke yangu na aibu yangu.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Tarehe 24 Februari mwaka 2024, huko Ngaramtoni karibu na mji wa Arusha, lori lililokosa breki liligonga magari mengine, watu 25 wakafa.

Basi, kwa nini breki zishikazo vizuri mjini zinashindwa mlimani? Ni kwa sababu breki haiui mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000, nao ndio karibu mteremko wa kutoka Lango la Marangu mpaka mjini Moshi, hutoa joto liwezalo kuchemsha lita 40 za maji ya baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na injini. Lakini dereva ashukaye kwa breki tupu huzibebesha diski zake sehemu kubwa ya joto hilo. Brekipedi dhaifu ikipata joto kupita kiasi huteleza badala ya kushika. Kwa hiyo mtu wa mlimani huchagua brekipedi kwa joto la mteremko, si kwa bei ya dukani.

Tena brekipedi mpya haiponyi gari bovu. Kabla ya kununua, mwambie fundi avue magurudumu. Atazame diski: kama ina mifereji, au imekuwa nyembamba kuliko kipimo kilichochorwa juu yake, ibadilishwe. Kama brekipedi moja imelika sana na mwenzake wa gurudumu lile lile bado ni nene, jua kwamba pistoni au pini imeganda. Na usipoitengeneza, mpya nayo italika vivyo hivyo. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo huyafanya yachemke upesi. Yafaa kuyabadilisha kila baada ya miaka 2. Na siku zote badilisha brekipedi za magurudumu yote mawili, la kulia na la kushoto, ili gari lisivute upande mmoja.

Sasa habari za aina. Ziko za nyuzi na gundi: hizi ni laini, hazipigi kelele, bei yake ni nafuu, lakini huchoka upesi kwa joto. Ziko zilizochanganywa na chembe za chuma: hizi hustahimili joto, ingawa hupiga kelele kidogo na kuila diski zaidi. Na ziko za kauri: hizi ni kimya, zina vumbi dogo, na bei yake ni kubwa. Kwa gari kuukuu lishukalo kila siku kutoka Kibosho au Rombo na abiria, mimi nachagua zenye chuma.

Tazama pia ubavuni mwa brekipedi. Nyingi zimeandikwa herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza yaonyesha nguvu ya kushika ikiwa na joto la kawaida. Ya pili, ikiwa na joto kali. F hushika kuliko E, na G kuliko F. Ikiwa herufi ya pili iko chini ya ile ya kwanza, brekipedi hiyo hulegea ipatapo joto. Isiyo na jina la mtengenezaji wala alama yo yote, irudishe dukani.

Nanyi mafundi, msipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu. Brekipedi nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Futeni kwa kitambaa kilicholowa maji.

Zikiisha kufungwa, usiende nazo mlimani siku hiyo hiyo. Simamisha gari polepole mara 30 hivi mahali pa tambarare, ukiziacha zipoe katikati, hata zizoeane na diski. Kisha uendapo mteremkoni, ingia katika gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, wala usingoje harufu ikuonye.

Wazee walisema, kawia ufike. Mimi nilikawia kuielewa methali hiyo mpaka siku ile kando ya mfongo. Ninyi msikawie kama mimi. Kwaherini.