Sindano Moja ya Siku ya Kwanza

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wazazi wa mtaa wa Majengo, Embu

 

Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari. Nilipojifungua kifungua mimba wangu, muuguzi alimdunga sindano ndogo pajani. Mimi niliyesomea kuuliza maswali sikuuliza hata moja. Tulipofika nyumbani, shangazi yangu akaniuliza, "Mtoto mchanga hivi anadungwa ya nini?" Sikuwa na jibu. Nimewauliza wataalamu wetu wa afya, na leo ninawaletea jibu hilo.

Ilikuwa vitamini K. Ukijikata kwa kisu jikoni, damu hutoka kidogo kisha huganda. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, lakini baadhi ya protini hizo hazifanyi kazi mpaka vitamini K ipatikane. Mifupa nayo huihitaji. Aliyeigundua ni Henrik Dam wa Denmark, baada ya kuona vifaranga aliowalisha chakula kisicho na mafuta wakivuja damu. Mwaka wa 1935 aliipa herufi K, kutokana na neno la lugha yake la kuganda kwa damu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani.

Mtu mzima huipata kwenye sahani. Sukuma wiki, terere, managu, kunde na majani ya malenge tunayopondea mukimo yana vitamini K kwa wingi. Nusu kikombe cha sukuma iliyopikwa humtosha mtu mzima kwa siku nzima na zaidi. Weka mafuta kidogo, kwa sababu vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta.

Sasa mama ataniuliza: mimi nimekula mboga miezi yote tisa, mtoto wangu atakosaje? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Vitamini K inayopita kwenye kondo la nyuma kumfikia mtoto tumboni ni kidogo sana. Maziwa ya mama nayo huwa na kiasi kidogo, na utumbo wa mtoto bado hauna bakteria wa kutosha wa kuitengeneza. Hii si sababu ya kuacha kunyonyesha. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha mtoto, na sindano hujaza pengo hilo moja.

Bila sindano, mtoto anaweza kuvuja damu katika wiki ya kwanza, au baadaye akiwa na umri wa kati ya wiki mbili na miezi sita, wakati kila mtu anamwona mzima na mnene. Huko kuvuja kwa baadaye mara nyingi hutokea ndani ya ubongo, na huua au kuacha ulemavu. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema kwamba hatari hiyo ni mara 81 zaidi kwa mtoto ambaye hakudungwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto mchanga adungwe miligramu 1, na mwongozo wa Kenya unataka watoto wanaozaliwa hospitalini waipate. Watoto wadogo sana hupewa nusu ya kipimo hicho.

Sindano hii si chanjo. BCG ya mkononi na matone ya polio havichukui nafasi yake. Kuna waliosikia kwamba huleta saratani. Wasiwasi huo ulitoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na uchunguzi mkubwa uliofuata haukuthibitisha uhusiano wowote.

Kwa familia zetu zinazotahiri mtoto wa kiume siku ya saba, au kumtoboa masikio binti akiwa mchanga: hakikisheni kwanza kwamba mtoto amepata vitamini K. Wiki hiyo ya kwanza ni wakati wa hatari, na kidonda kidogo kinaweza kukataa kukauka. Mama mjamzito anayetumia dawa za kifafa au za kifua kikuu amwambie muuguzi mapema, maana baadhi yake hupunguza vitamini K kwa mtoto. Asiziache dawa hizo kwa uamuzi wake mwenyewe.

Aliyejifungulia nyumbani au njiani asione haya. Mpeleke mtoto kituoni siku hiyo hiyo, au mara tu uwezapo.

Mkimbize hospitalini ukiona damu kwenye kitovu, puani au mdomoni. Choo cheusi kama lami baada ya siku za mwanzo. Michubuko bila kuanguka. Au akipauka, akikataa kunyonya, akilala kupita kiasi, akipata degedege. Usingoje kesho.

Neno moja kwa wazee wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Msiambiwe na jirani muache mboga kabisa. Kuleni kiasi kilekile kila wiki, na mkitaka kubadilisha, mwulizeni daktari kwanza, kwa kuwa kipimo cha dawa hutegemea mnachokula.

Mkirudi nyumbani, fungueni kijitabu cha afya ya mama na mtoto mtazame kama vitamini K imeandikwa. Isipoandikwa, ulizeni. Na wewe baba unayengoja nje ya wodi, swali ni fupi: "Mtoto amepata vitamini K?"

Nilipojifungua mara ya pili, niliuliza kabla muuguzi hajafungua kisanduku cha sindano. Alitabasamu, akanionyesha chupa. Shangazi alipouliza tena, nilikuwa na jibu.