Dawa ya Mifupa na Maumivu ya Paja



Leo tutasema juu ya mama zetu wazee. Mwanamke akiisha kukoma kuona siku zake, mifupa yake inaanza kupungua nguvu. Anajikwaa tu, kiuno kinavunjika. Kwa ugonjwa huo munganga anaweza kumpa alendronati. Wengi wanameza kidonge kimoja cha miligramu 70 kila juma. Wengine wanatumiwa na watoto wao walio Ulaya.

Ni dawa nzuri, inakinga mifupa mingi. Lakini iko na hatari moja. Inatokea mara chache, ila inafaa muijue.

Mfupa ni kama nyumba ya udongo: munabandua udongo uliopasuka, ndipo munapaka mupya. Mwili nao unaondoa mfupa wa zamani na kujenga mupya. Dawa hii inapunguza ile kazi ya kuondoa, na mfupa hauishi upesi. Lakini mutu akiimeza miaka mingi, zaidi ya 3 ao 5, nyufa ndogo zinaweza kubaki bila kutengenezwa. Halafu siku moja mfupa mkubwa wa paja unakatika, hata kama anatembea tu. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliagiza onyo hili liandikwe kwenye karatasi ya dawa.

Mara nyingi mfupa unaonya mbele. Paja ao kinena kinauma kwa majuma, hata miezi. Watu wanasema, “Ni uzee,” wanamsugua mafuta. Hapana! Kama anameza dawa hii, asibebe mizigo, apelekwe kwa munganga upesi. Wapige radio ya mapaja yote mawili, maana pengine na lingine limeanza kupasuka.

Basi, tufanye nini?

1. Asimeze miaka na miaka bila kuonekana. Kisha miaka 5 munganga ataamua aendelee ao apumzike.
2. Asiache mwenyewe kwa woga. Kwa mutu mwenye mifupa mizaifu, hatari ya kuvunjika kiuno bila dawa ni kubwa zaidi.
3. Kama anameza prednizoloni pia, aseme. Inaongeza hatari.
4. Asigawie jirani. Hii si dawa ya kila mgongo unaouma.

Mukifika nyumbani, muulize: “Mama, unameza dawa gani? Tangu mwaka gani? Paja linauma?” Muandike mwaka ule kwenye fishi yake, muje nayo.