Tazama Mkia wa "May" Kabla ya Kutia Sahihi

Jirani yangu mmoja ni fundi cherehani. Miaka kadhaa iliyopita alipata fremu katika mtaa wenye wateja, hapa hapa Dar es Salaam, akapewa mkataba wa kurasa tatu, wote kwa Kiingereza. Kwa kuwa Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu na bei, alimwita mwanawe aliyekuwa kidato cha tatu amsomee. Kijana alisoma vizuri tu, mpaka alipofika kwenye sentensi iliyosema: "The landlord may at any time increase the rent upon seven days' notice." Akafikiri kidogo, akasema: "Mama, hapa wanasema labda mwenye nyumba ataongeza kodi."

"Labda?"

"Ndiyo, labda. 'May' ni labda."

Basi mama akatia sahihi. Labda si hakika, na wateja hawangoji. Akatengeneza rafu, akachora bango, akaingiza cherehani tatu. Mwezi wa tatu barua ikaja: kodi imepanda, na siku saba zilianza kuhesabiwa jana.

Yule kijana hakuwa mjinga. Alifundishwa, kama tulivyofundishwa sisi sote, kwamba "it may rain" maana yake huenda mvua ikanyesha, na hilo ni kweli. Kosa lake ni kulichukua neno moja na kuuacha mkia wake.

Kiingereza kina vitenzi visaidizi vichache ambavyo shuleni tuliviimba kama wimbo: "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will", "would". Karibu kila kimoja kina nyuso mbili. Uso mmoja ni wa makisio: msemaji anapima kama jambo lina uwezekano au halina. Uso wa pili ni wa mamlaka: amri, ruhusa, wajibu. Sasa Mwingereza anajuaje ni uso upi anaoonyeshwa? Mara nyingi si kitenzi chenyewe kinachomwambia. Anaambiwa na vile vihusishi vidogo vinavyofuata, "at", "by", "in", "until", "without", pamoja na maneno yaliyoshikana navyo.

Chukua mfano wa ofisini. Umefika kumtafuta mkubwa, mlinzi anakwambia: "He must be in the office." Huyo hatoi amri. Anakisia tu: gari liko nje, bila shaka mwenyewe yumo ndani. Ongeza vijineno viwili mwishoni: "He must be in the office by eight." Makisio yametoweka. Sasa ni agizo, saa mbili asubuhi awe amekwisha kufika. Kitenzi ni kile kile, ofisi ni ile ile. Kilichogeuza maana ni mkia.

Mkia unaweza pia kugeuza kinyume chake. "The bus should be in Morogoro by now" ni tarajio: kwa saa hizi basi litakuwa limefika. Badilisha "by now" uweke "by noon", na hapo hata Mwingereza mwenyewe atageuka kutazama nani anasema. Akisema abiria, ni matumaini. Akisema mwenye basi, dereva ameshapewa saa.

Turudi kwenye fremu ya jirani yangu. Mvua haina mamlaka juu ya mtu, kwa hiyo "it may rain in the afternoon" haiwezi kuwa ruhusa. Lakini mwenye nyumba anayo mamlaka, na mkia uliofuata, "at any time", "upon seven days' notice", si mkia wa makisio. Ni mipaka ya haki: lini aitumie, na kwa notisi ya siku ngapi. Hakuna anayetabiri jambo kwa notisi ya siku saba. Penye mkia wa namna hiyo, "may" maana yake ni "ana haki ya", nukta. Na ukiona "without notice", jua kwamba hata hizo siku saba huna.

Kwa sheria zilizotungwa na Bunge, jambo hili limeandikwa wazi. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya sheria za Tanzania, kinaeleza kwamba "may" ikitumika kumpa mtu madaraka, ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia; "shall" ikitumika kumpa kazi, kazi hiyo ni lazima ifanywe. Mkataba wa pango si sheria ya Bunge, lakini wanaouandika wamelelewa katika nyumba hiyo hiyo.

Na "shall" nayo ina wahanga wake. Tuliambiwa "I shall, we shall", wakati ujao, basi. Mpangaji akisoma "the tenant shall repair" anaona habari ya kesho: mpangaji atakarabati, siku moja, Mungu akipenda. Kumbe ni amri. Wala tusijidai kwamba jambo hili ni geni kwetu. Katiba ya 1977, Ibara ya 33, inasema kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano, na sijapata kumsikia mtu akiichukua kuwa ni utabiri.

Mtaona labda nawasumbua kwa mambo ya darasani. Basi sikilizeni haya. Tarehe 12 Desemba 2015, huko Le Bourget, nje kidogo ya Paris, wajumbe wa karibu nchi 200 walikaa ukumbini wakisubiri kupitisha mkataba wa hali ya hewa, na kikao kikachelewa kwa ajili ya neno moja. Katika Ibara ya 4, rasimu ya mwisho ilisema nchi zilizoendelea "shall" kuendelea kuongoza. Wamarekani wakakataa, wakitaka "should". Mwishowe neno likabadilishwa, likasomwa pamoja na masahihisho mengine madogo madogo kana kwamba ni makosa ya uchapaji, na nyundo ikagongwa.

Ajabu ni kwamba mkataba ule umejaa "shall" nyingine ambazo Marekani ilizipokea bila ugomvi. Kila nchi "shall" kuandaa mpango wake na kuutangaza, hilo halikuwakera. Tofauti iko mkiani. Ile "shall" iliyokataliwa ilifuatwa na "by", na baada ya "by" kukawa na malengo kamili ya kupunguza moshi katika uchumi mzima. Wajibu wa namna hiyo ungelazimu mkataba upelekwe kwenye Seneti yao, ambako haukuwa na matumaini ya kupita. Wale mawakili walisoma sentensi kuanzia mkiani.

Sisi tuna mtego wetu wa pekee, nao ni neno "hadi". Kiswahili hutosheka kusema "hadi Jumatatu" mahali ambapo Kiingereza kina njia mbili. Tangazo likisema "the office will be closed until Monday", Jumatatu nenda, utakuta milango wazi. Likisema "will be closed by Monday", ukienda Jumatatu utakuta kufuli. Hali kadhalika "in thirty days" na "within thirty days". Bima ikiahidi kulipa "in thirty days", fedha utaziona siku thelathini zikiisha. Ikiahidi "within", yaweza kulipa hata kesho, ila isivuke siku hizo. Lakini ikikwambia wewe kwamba madai "must be lodged within thirty days of the accident", hesabu yako inaanzia siku ya ajali, si siku uliyotoka hospitali.

Na "must not", tafadhali, si "si lazima". Nimeona barua ya mwaliko, nzuri kweli kweli, ikiwaambia wageni "you must not come with a gift". Aliyeandika alitaka kusema zawadi si lazima. Amewapiga marufuku.

Tangu mwaka 2021 sheria imetamka kwamba lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania ni Kiswahili. Hata hivyo karatasi nyingi za watu binafsi, za mikopo, za bima na za pango, bado zinakuja kwa Kiingereza.

Jirani yangu alivumilia ile kodi mpya hadi mkataba ulipokwisha. Ulipoletwa wa pili, hakugombana na "may". Aliiacha pale pale, maana mwenye nyumba hakuwa tayari kuiondoa. Aligombania mkia. Kwa kalamu ya mwanawe, "at any time" ikafutwa ikaandikwa "after the first year", na zile siku saba zikawa "three months' notice in writing". Mwenye nyumba alinung'unika, akauliza tangu lini fundi cherehani akawa mwanasheria, kisha akatia sahihi.