Majani ya Chai Hayashibishi Mtoto

(Mazungumzo kwa wakulima na wafanyakazi wa chai wa Kericho na Bomet)



Leo nataka kusema nanyi habari ya chakula cha nyumbani. Najua wengi wenu mmetoka kazini sasa hivi, na mikono yenu bado ina rangi ya majani. Kwa hiyo sitawaambia mnunue vyakula vya bei kubwa. Nataka tutazame jambo moja tu: jinsi nyumba yenye kazi nyingi iwezavyo kubadili chakula chake bila kumwongezea mama mzigo.

Tuchukue mfano wa nyumba moja, tuseme ya upande wa Litein. Alfajiri mama huamka, huwasha moto na kupika chai yenye sukari nyingi. Watoto huinywa kwa mkate, kisha huenda shule. Baba na mama hutwaa vikapu, huingia shambani kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Adhuhuri hapana moto nyumbani, na mchana hupita kwa chai nyingine. Jioni, baada ya kungoja zamu kwenye kituo cha kupimia majani, mama hurudi amechoka. Husonga ugali mweupe, huchemsha sukuma wiki upesi upesi, na chai tena juu yake. Maziwa ya ng'ombe yalikwisha kuuzwa tangu asubuhi.

Watu hawa si wavivu, na fedha huingia. Lakini mtoto wao mdogo hakui vizuri, na mama hushikwa na kizunguzungu kila ainamapo. Matumbo yao yameshiba, lakini miili yao ina njaa.

Mambo haya yalianzaje? Makampuni ya chai yalianza kupanda mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu wafanyakazi walipewa posho ya unga wa mahindi. Baadaye wakulima wadogo nao wakaanza kupanda, na mwaka 1964 likaundwa shirika lao la KTDA. Chai ikaleta karo na mabati, nasi tunashukuru. Lakini wengine walipanda miche hata karibu na mlango wa jiko. Wimbi ukaondoka, mboga za kienyeji zikaondoka, na kila kitu kikawa cha kununuliwa dukani.

Hata hivyo, wazee wetu hawakuwa wajinga wa chakula. Mwaka 1931 mabwana wawili, Orr na Gilks, walitoa kitabu cha uchunguzi wao juu ya chakula cha Wamasai na Wakikuyu. Waliona kwamba Wamasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, walikuwa na maradhi yao. Na Wakikuyu, waliotegemea nafaka na viazi, walikuwa na maradhi mengine. Hakuna upande uliokosa upungufu. Sasa fikirini Wakipsigis: walikuwa na ng'ombe, na pia walilima wimbi. Waliweka kimyet na mursik na isagek mbele ya mtu mmoja. Basi dawa tunayoitafuta haiko mbali.

Nawashauri mambo manne.

Kwanza, itengeni chai na chakula. Chai ina kitu kiitwacho tanini, ambacho huyashika madini ya chuma yaliyo katika mboga na nafaka, yasiingie mwilini. Na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Sisemi muache chai. Ningesemaje hivyo Kericho? Nasema inyweni saa moja baada ya kula, na watoto wadogo msiwape. Tena, ipunguzeni sukari. Mtu anywaye vikombe 4 kwa siku, kila kimoja vijiko 3, amekula vijiko 12. Hicho ni karibu sawa na mwisho wa kipimo cha mtu mzima kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, kabla hajala sukari nyingine yoyote.

Pili, asubuhi pikeni uji wa wimbi. Katika wimbi mna chokaa ya kujenga mifupa, mara nyingi kuliko iliyomo katika mahindi. Unga ukorogwe kwa maji tangu usiku ili uchachuke kidogo. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na alfajiri uji huiva upesi kama chai. Watoto wakikataa, changanyeni na unga wa mahindi kwanza, kisha mzidishe wimbi kidogo kidogo.

Tatu, kabla ya maziwa kwenda kuuzwa, kikombe cha kila mtoto kiwekwe kando. Anayeuza maziwa yote ili anunue sukari amefanya biashara ya hasara. Na mkitengeneza mursik, yachemsheni maziwa kabla ya kuyatia katika kibuyu, maana maziwa mabichi huweza kuleta maradhi.

Nne, rudisheni mboga karibu na jiko. Kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi, na saga na mnavu hazitaki shamba kubwa. Uchungu wa saga huondoka zikipikwa kwa maziwa, kama bibi zetu walivyofanya. Maharagwe nayo yalowekwe usiku, yataiva kwa kuni chache. Pikeni ya siku mbili, na siku ya pili yachemsheni tena vizuri. Wanaokaa katika nyumba za makampuni wasio na shamba wanaweza kupanda mboga katika magunia yenye udongo, na kununua omena sokoni.

Sasa neno kwa akina baba. Mambo haya yote yakiachwa mikononi mwa mama peke yake, hayatadumu wiki mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baba anaweza kung'oa mistari miwili ya chai karibu na jiko, apande mboga. Mvulana anaweza kuloweka maharagwe na kuchuma saga kama dada yake. Tena baba akila uji wa wimbi bila kunung'unika, watoto watamfuata. Akiuita chakula cha maskini, wao pia wataukataa.

Msianze yote kwa siku moja. Anzeni kwa kuitenga chai na chakula, jambo lisilogharimu hata senti. Likizoeleka, ongezeni la pili. Lakini mkiona mtoto amevimba miguu, au nywele zake zimebadilika rangi, msingoje mboga ziote: mpelekeni hospitali siku ile ile.

Mti wa chai ni mtumishi mwema wa mfuko wetu. Tusiuache uchukue na sahani ya mtoto. Haba na haba hujaza kibaba.