Kasoro Isiyofunikwa na Puti: Uso wa Nyuzi za Kaboni na Ufundi wa Gerezani

Ufundi wa bodi za magari unaofanyika Gerezani, pembeni mwa soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya puti, yaani uji mzito wa poliesta na unga wa madini unaopakwa penye shimo au ufa, ukapigwa msasa, kisha ukafunikwa kwa praima na rangi, hata bampa la faiba lililovunjika mara mbili likaonekana zima. Kifaa cha nyuzi za kaboni kilichotengenezwa kwa mkono hakikubali maficho hayo, kwa kuwa mwenye kifaa hutaka kitambaa chenyewe cha nyuzi hizo kionekane, na tone moja la puti juu ya kitambaa cheusi huonekana kama kovu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba fundi wa Gerezani tayari anao mkono unaohitajika kwa kazi hii, ila baadhi ya mazoea aliyoyapata kwenye poliesta yatamharibia.

Unywele mmoja wa kaboni una kipenyo cha mikromita 5 hadi 10, na nywele hizo kwa maelfu hufumwa kuwa kitambaa kinachoshikamanishwa na epoksi, utomvu wa viwandani unaokuwa mgumu ukichanganywa na kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina. Nguvu ya kifaa imo katika nyuzi. Epoksi huzishika na kugawanya mzigo baina yao. Kwa asiye na pampu ya kufyonza hewa, anayepaka kwa brashi na rola, hewa hubaki katika makutano ya nyuzi na kuacha vitundu mfano wa tundu la sindano, na penye pembe kali kitambaa huning'inia bila kugusa kalibu, kikaacha uwazi chini yake.

Zoea la kwanza la kuacha linahusu hadina. Katika poliesta hadina huwekwa kwa asilimia 1 au 2 tu, nayo huchochea mmenyuko, hivyo fundi mwenye haraka huiongeza kidogo na kazi ikaenda. Katika epoksi hadina ni sehemu ya kitu chenyewe kinachojengwa, uwiano wake umewekwa na mtengenezaji, na kuizidisha hakuharakishi chochote bali huacha uso laini unaonata. Puti ya poliesta nayo isipakwe juu ya epoksi mbichi, kwa sababu amini zilizomo katika hadina ya epoksi huizuia kukauka.

Amini hizo hizo, zikikutana na mvuke na kaboni dayoksaidi ya hewani, hutoa utando wenye utelezi, tatizo ambalo unyevu wa Dar es Salaam hulikuza. Kuupangusa utando huo kwa tina ni kuusambaza. Huoshwa kwa maji safi na sifongo kabla msasa haujagusa uso, la sivyo husukumwa ndani ya vitundu ambavyo fundi anakusudia kuvijaza.

Kitundu chenye mdomo mwembamba hakijazwi kwa kupaka juu tu, maana hewa iliyomo haina pa kutokea. Hupanuliwa kwa ncha kali, kifaa hupashwa joto, hata kwa jua la asubuhi, kisha huhamishiwa kivulini na kupakwa epoksi kikiwa kinapoa, ili hewa iliyomo isinyae na kuivuta epoksi ndani. Anayepaka asubuhi na kuacha kifaa juani atapata kinyume chake, yaani mapovu mapya. Baada ya kukauka, uso husawazishwa kwa msasa wa maji kuanzia namba 240, kwa kufuata rangi ya tope: likiwa jeupe, ni epoksi inayokatwa, likianza kuwa jeusi, ni nyuzi, na kazi husimama hapo.

Epoksi huwa njano kwa mionzi ya jua, kwa hiyo humaliziwa kwa vanishi angavu ya poliyurethani yenye kinga dhidi ya mionzi hiyo, ambayo hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia fundi pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani, kinachoonekana sana katika karakana zetu, hakiizuii hata kidogo. Aidha, epoksi iliyokaukia kivulini bila kupashwa joto taratibu hulainika tena kifaa cheusi kinapochemka juani, na mistari ya kitambaa ikajitokeza juu ya uso uliokwisha kung'arishwa.

Yote haya yanahusu uso pekee. Kifaa kinapogongwa kwa sarafu na mlio mkali ukageuka kuwa mzito mahali fulani, matabaka huenda yameachana ndani, na kama kifaa hicho ni fremu ya baiskeli au kitu kingine kinachobeba uzito wa mtu, kukipaka vanishi ni kumuuzia mwenye kifaa hatari iliyong'arishwa.