Moyo Ukisimama, Picha Huonyesha Nini?
(Maongezi na wanakisomo wa Nyegezi)



Leo tuzungumze juu ya moyo. Wengi wetu tumewahi kumpeleka mgonjwa Bugando. Hospitali ile ya kilimani ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka huo huo, huko London, Uingereza, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine mpya. Mashine hiyo tunaiita siti skani. Siku hizi picha za namna hiyo hupigwa hata Bugando.

Siti skani ni eksirei inayomzunguka mgonjwa. Mgonjwa hulala chali kitandani, na kitanda huingia katika tundu la mashine. Kompyuta huuonyesha mwili wake vipande vipande, kama mkate uliokatwa.

Lakini katika picha damu na nyama hufanana. Kwa hiyo mara nyingi mgonjwa huchomwa sindano ya dawa mkononi. Dawa hiyo ina madini joto, kama yale yanayotiwa katika chumvi tunayokula. Katika picha dawa hiyo hung'aa, ikawa nyeupe.

Je, nani huibeba dawa? Ni damu. Na nani huisukuma damu? Ni moyo. Dawa hutoka mkononi, huingia upande wa kulia wa moyo, huenda mapafuni, hurudi upande wa kushoto. Kisha husukumwa katika mshipa mkuu unaopeleka damu mwili mzima. Kwa mtu mwenye moyo mzima, safari hiyo haifiki hata nusu dakika.

Sasa, moyo ukisimama inakuwaje? Chukueni maji ya ziwa katika ndoo, mtie mchanga. Mkikoroga, mchanga huzunguka. Mkiacha, mchanga hutua chini. Dawa ile nayo ni nzito kuliko damu. Moyo ukisimama, dawa haiendi mbele. Mshipa mkuu hubaki bila weupe. Dawa hurudi nyuma katika mshipa mnene wa tumboni na katika ini, ikatua upande wa mgongo kwa sababu mgonjwa amelala chali. Weupe uko chini, damu iko juu, na kati yao pana mstari ulionyooka.

Mpiga picha akiona hivyo hangoji picha zimalizike. Moyo uliochoka sana nao huweza kuonyesha dalili zinazokaribia hizo. Kwa hiyo hukimbia kumtazama mgonjwa mwenyewe: anaitika? Anapumua? Mapigo yapo? Kama hakuna, humtoa katika tundu na kuanza kumkandamiza kifua papo hapo.

Jambo hili hutokea mara chache, hasa kwa mgonjwa aliyefika mahututi. Basi tusikatae picha kwa hofu. Ila tumwambie daktari mapema kama dawa iliwahi kutudhuru, au kama tuna ugonjwa wa figo.

Ndugu zetu, huku mtaani hatuna mashine hiyo. Lakini somo lake ni letu pia: damu haiendi yenyewe, lazima isukumwe. Mwaka 1960 watafiti wa Baltimore, Marekani, walieleza kwamba mikono ya mtu ikikandamiza kifua huisukuma damu badala ya moyo. Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache tu huanza kuharibika.

Basi mtu akianguka, haitiki, wala hapumui kama kawaida, tufanye hivi:

1. Tuite watu. Mmoja akatafute gari na mganga.
2. Tumlaze chali mahali pagumu.
3. Tuweke mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, katikati ya kifua.
4. Tukandamize kwa nguvu, kina cha sentimeta 5 hivi kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Tuache kifua kiinuke kila mara.
5. Tupokezane tukichoka. Tusiache mpaka aamke au msaada ufike.

Aliyezama ziwani amekosa hewa kwanza. Huyo tuanze kwa kumpulizia hewa mdomoni, halafu tukandamize mara 30, tupulize mara 2, tuendelee hivyo.

Tusimmwagie maji, tusimnyweshe kitu, wala tusikae tukimlilia. Dakika ni chache, na mikono tunayo. Haya, wawili wajitokeze mbele na mto wa kulalia, tujifunze kukandamiza.