Nyumba Iliyojengwa kwa Pesa ya Jirani

(Hotuba iliyotolewa kwa vijana na wazazi wa ushirika wetu, imenyooshwa kidogo kwa ajili ya gazeti hili la maadhimisho)

Nyinyi wa Busia zote mbili, wa Malaba, wa Tororo, na nyinyi mliotoka hapa mkaenda kutafuta maisha mbali: mulembe, yoga, salamu nyingi.

Nilipoombwa kusema na vijana juu ya kamari, nilijua wengi walitarajia makemeo na maombi. Makemeo mmeyasikia tangu shule ya Jumapili. Niliona afadhali niwaeleze hii biashara imetoka wapi, inajengwaje, na pesa yake inatoka mfuko wa nani. Mwizi ukishajua anapitia dirisha gani, unajua pa kuweka msumari.

Tuanze na neno lenyewe. "Kasino" ni neno la Kiitaliano, na asili yake ni nyumba ndogo. Niliposema hivyo ukumbini akina mama walicheka sana, na wababa wengine wakaangalia chini. Lakini ndivyo lilivyo. Mwaka 1638 serikali ya Venice ilifungua nyumba ya kamari iliyoitwa Ridotto. Watu waliingia wamevaa vinyago usoni, ili asijulikane nani amepoteza shamba la baba yake usiku huo. Iliendelea mpaka 1774 ndipo wakubwa wa mji wakaifunga, maana koo zao wenyewe zilikuwa zinafilisika ndani yake. Hiyo ilikuwa kasino ya mjini tu: unacheza, unarudi kwako. Ile ya hoteli, ya bahari na kitanda na muziki, ilikuja baadaye, na historia yake inatuhusu sisi watu wa mpakani kuliko mnavyodhani.

Sikiliza habari ya Monaco. Ni kanchi kadogo sana, kamebanwa kati ya Ufaransa na bahari. Mwaka 1848 miji yake miwili, Menton na Roquebrune, ilijitenga, na mtawala akabaki na mwamba na madeni. Wakajaribu kasino mwaka 1856, haikushika. Kulikuwa hakuna barabara nzuri, wateja wangefikaje? Mwaka 1863 wakamwita Mfaransa mmoja, François Blanc, aliyekuwa ameshatajirika na kamari huko Ujerumani. Huyu hakujenga meza peke yake. Alijenga hoteli, bustani, mahali pa muziki, na mwaka 1868 reli ikafika. Treni ikaleta matajiri wa Ulaya mpaka mlangoni. Mwaka uliofuata mtawala akawafutia wenyeji kodi, kwa sababu pesa ya wageni ilitosha.

Na hapa ndipo nataka uweke alama kwa kalamu: raia wa Monaco mwenyewe alikatazwa kucheza ndani ya hiyo kasino. Na mpaka leo amekatazwa. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya pesa ya jirani, na mwenye nyumba alijua vizuri kabisa kwamba mtoto wake asiguse.

Basi ukishaiona hiyo utaiona kila mahali. Afrika Kusini ya ubaguzi ilipiga marufuku kamari, lakini ilikuwa imekata vipande vya ardhi na kuviita nchi huru za watu weusi. Kimoja kiliitwa Bophuthatswana. Desemba 1979 mfanyabiashara Sol Kerzner akafungua humo hoteli ya Sun City, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Johannesburg. Mzungu aliyekatazwa kwao alivuka mpaka Ijumaa, akacheza, Jumapili akarudi kwenye nchi yenye maadili. Mpaka ulikuwa ndio biashara yenyewe. Kasino ziliporuhusiwa kwa sheria Afrika Kusini nzima mwaka 1996, Sun City ikabidi ijitafutie sura nyingine: gofu, mawimbi ya kutengenezwa, familia na watoto.

Singapore walikataa kasino miaka mingi, halafu mwaka 2010 wakafungua mbili kubwa mno. Lakini raia wa kule akitaka kuingia analipa kwanza dola 100 za kwao, na tangu 2019 ni 150, kwa siku moja. Mgeni mwenye pasipoti anapita bure. Unaona? Macau nayo, iliyo karibu na China bara ambako kamari ya kasino hairuhusiwi, ilipita Las Vegas kwa mapato mwaka 2006. Ni jirani tena.

Las Vegas yenyewe ipo jangwani. Jimbo la Nevada liliruhusu kamari 1931, wakati uchumi wa Marekani umeanguka. Desemba 1946 ikafunguliwa hoteli ya Flamingo, na aliyeisimamia, Bugsy Siegel, alikuwa jambazi. Juni 1947 akapigwa risasi akafa. Baada ya hapo hoteli zikafuatana. Kitanda rahisi, chakula tele, waimbaji wakubwa, yote yakitolewa karibu bure ili usiondoke mezani. Kumbi nyingi zilijengwa bila dirisha na bila saa ukutani. Mtu anacheza mpaka hajui kama kumekucha. (Sisi wa makesha tunaelewa nguvu ya usiku mrefu wenye muziki. Wao pia wanaielewa.) Halafu mambo yakageuka. Tangu 1989, hoteli ya Mirage ilipokuja na volkano yake ya bandia, na mwishoni mwa miaka ya 1990, vyumba, vyakula, maduka na maonyesho vilianza kuingiza pesa kuliko meza za kamari kwenye barabara kuu ya kule. Mtalii wa leo anaweza kukaa siku tatu Las Vegas asicheze hata shilingi.

Kwa hiyo kasino ya matajiri imekuwa hoteli. Sasa kamari yenyewe imeenda wapi? Imekuja huku.

Kenya ilipata sheria yake ya kamari mwaka 1966, Uganda ikafuata miaka miwili hivi baadaye. Kwa muda mrefu kasino ilikuwa kitu cha Nairobi, Kampala na pwani ya watalii. Mtu wa Busia aliyekuwa anasukuma baiskeli ya boda boda, na kumbukeni neno hilo tumeipa dunia sisi wa mpaka huu, hakuwa na habari nayo. Angeingia na viatu gani? Kamari yake ilikuwa ludo kwenye steji, au karata ya matatu, na aliyemshinda alikuwa jirani yake ambaye kesho angemkopesha chai.

Mwaka 2007 M-Pesa ikaanza Kenya, na 2009 pesa ya simu ikafika Uganda. Kilikuwa kitu kizuri sana, mimi mwenyewe naitumia kila siku. Lakini mwaka 2014 SportPesa ikaanza Kenya, nyingine zikafuata pande zote mbili, na meza ya kamari ikaingia mfukoni. Zikaja pia zile mashine za sarafu, mpaka kwenye vibanda vya mboga. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilizikamata na kuzichoma moto kwa mamia. Januari 2019 Rais Museveni aliagiza leseni mpya za kubeti michezo zisitolewe. Julai mwaka huohuo Kenya ikakataa kuhuisha leseni za makampuni 27. Tukashangilia. Lakini makampuni yalirudi, na mkeka haukukosa pa kuchezwa.

Angalia tofauti na Las Vegas. Hoteli ile angalau ilikupa kitanda na sahani ya nyama kabla ya kukukamua. Simu haikupi hata chai. Unacheza ukiwa umelala njaa kwenye chumba cha kupanga, gizani, huku mke anadhani unasoma Neno.

Tena sheria zetu hazisomani. Uganda, kwa sheria ya 2016, mtu asicheze kamari kabla ya miaka 25. Kenya ni miaka 18. Kijana wa miaka 19 akiwa Tororo anaambiwa bado wewe ni mdogo. Akipanda pikipiki mpaka Malaba, akavuka daraja, amekuwa mtu mzima ndani ya nusu saa. Na ana haja gani ya kupanda pikipiki? Vijana wetu wana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na mtandao wa Kenya unashika mpaka ndani ya Sofia. Monaco waliweka mlinzi mlangoni ili mtoto wao asiingie. Sisi mlango uko kwenye mto wa kulalia.

Nipeni nafasi kidogo ya hesabu, maana hesabu haina dhehebu. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina namba 37, na sifuri imo. Ukishinda, nyumba inakurudishia ulichoweka na kukuongezea mara 35. Chukua shilingi mia mia, weka kwenye kila namba, zote 37. Umetoa 3,700. Lazima ushinde, si ndiyo? Umeshinda: unapewa 3,600. Mia moja imebaki kwa mwenye nyumba, na hakuiba. Hakuna mganga aliyehusika. Kila mzunguko, mwaka mzima, hivyo hivyo.

Jakpoti je? Mwaka 2017 Mkenya mmoja alibashiri mechi 17 sawasawa akapata zaidi ya shilingi milioni 221. Ni kweli, alilipwa, tuliona picha. Lakini kila mechi ina majibu matatu: kushinda, kushindwa, sare. Zidisha tatu kwa tatu mara 17 uone: njia zaidi ya milioni 129 za kujaza karatasi hiyo, na moja tu ndiyo sahihi. Kujua mpira kunasaidia kidogo. Picha ya yule mmoja ndiyo inabandikwa ukutani. Hao wengine hakuna karatasi ya kuwatosha.

Kijana mmoja aliniuliza swali zuri: Mitume si walipiga kura wakampata Mathiya? Ndiyo, walipiga. Lakini hakuna aliyeweka karo ya mtoto mezani, na Yusufu aliyekosa hakurudi nyumbani na deni. Waliopiga kura ili wapate mali ya mwingine ni wale askari chini ya msalaba. Soma pia Isaya sura ya 65 uone nabii anavyowasema walioandalia meza mungu wa Bahati. Hiyo meza si mpya.

Sasa niseme jambo lililotusumbua sisi wazee, na wengine bado halijawakalia vizuri. Ndugu mmoja, sitasema wa upande gani wa mpaka, alileta bahasha ya zaka: shilingi 180,000 za Uganda. Alikuwa ameshinda milioni moja na laki nane. Kamati ikagawanyika. Wengine wakasema pesa ni pesa, madhabahu itaitakasa. Wengine wakakumbusha zile fedha za Yuda ambazo hata makuhani wale hawakuziingiza kwenye hazina. Tulibishana mpaka usiku juu ya bahasha, na mwenye bahasha amekaa nje kwenye benchi.

Mama mmoja wa kamati ndiye aliyesema, mwiteni jamani. Tukakaa naye na simu yake na kalamu, tukajumlisha alichotuma kwa hao watu kwa miezi mitatu. Ilikuwa milioni mbili na laki nne. Alikuwa anatoa zaka ya hasara! Na pikipiki yake ya mkopo ilikuwa imebakiza wiki moja ichukuliwe. Tulimrudishia bahasha, ikaenda kwenye pikipiki. Mzee mmoja alisema tumemwibia Mungu. Mimi naona tungeipokea ndipo tungekuwa tumeiba.

Na wahubiri wenzangu mnivumilie. Huyu ndugu alituambia kwa nini alitumaini. Alisema kila ushuhuda aliousikia kwetu ni wa mtu aliyelala maskini akaamka tajiri. Panda elfu kumi leo, milioni inakuja kabla ya Ijumaa. Hatujawahi kumsimamisha mama wa mitumba aliyejenga nyumba kwa miaka 14, bati moja moja, akashuhudia habari ya bati. Mtoto anayelelewa kwa shuhuda za namna ile, akiona tangazo la jakpoti, atalitofautishaje na mahubiri? Lugha ni moja. Nimewaomba viongozi kwamba mwaka huu wa maadhimisho shuhuda za pesa ziwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na kazi iliyofanyika katikati itajwe.

Kwa walio ndani tayari, ambao mnasoma hili mkiwa peke yenu: deni la kubeti husemwa mwishoni, baada ya pikipiki kuuzwa. Lisemeni sasa. Tumeweka watu wawili kila upande wa mpaka, mwanamume na mwanamke, na hawataandika jina lako mahali popote. Wanachofanya ni kile tulichofanya na yule ndugu: simu, kalamu, jumla. Ukikubali, laini inayopokea mshahara inashikwa na mke au mzazi kwa muda mtakaoelewana.

Tumeanzisha pia kikao cha vijana Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, muda mikeka inapokuwa moto, Tororo wiki moja na Busia wiki inayofuata. Kuna chai na viazi. Mechi tutaziangalia pamoja kwa televisheni kubwa, kelele zinaruhusiwa, na mashabiki wa Arsenal watapewa viti vya mbele kwa sababu ya mateso yao. Simu zinaachwa kwenye kikapu mlangoni mpaka kipenga cha mwisho.